Safari ya baiskeli kando ya mto Mayenne: kwa anayeanza

Wenzetu wanaoishi Ulaya huniuliza mara kwa mara waanzie wapi wakitaka kusafiri kwa baiskeli siku tatu au nne bila kusumbuliwa na magari. Mimi huwaelekeza kwenye bonde la mto Mayenne, magharibi mwa Ufaransa. Kuanzia mji wa Mayenne hadi kijiji cha Daon kuna njia ya kilomita 85 inayoandamana na ukingo wa mto, na magari hayaruhusiwi kupita humo. Awali haikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Ni njia ya kukokotea mashua, ambamo farasi walitembea wakivuta kamba ya mashua zilizosheheni mizigo, na kwa kuwa farasi anayevuta mzigo hawezi kuuacha mto akapande kilima, wajenzi waliilaza njia hiyo sambamba na maji. Leo mwendesha baiskeli anafaidi kazi iliyofanywa kwa ajili ya mnyama.

Ubapa huo na ukimya huo ndivyo vinavyomponza mgeni. Akishasikia kwamba hakuna milima wala malori, hudhani kwamba hakuna la kupanga, naye hufika na chupa moja ya maji na imani kwamba duka litatokea mbele ya safari. Safari yangu ya kwanza niliianza hivyo, siku ya Jumatatu. Vijiji vingi vya bonde hili havikai kando ya maji. Vimejengwa juu ya miteremko, mahali ambapo mafuriko hayafiki, kwa hiyo kila nilipotaka mkate ilinibidi niache njia, nipande kilima kikali kwa gia ya chini kabisa, kisha nisome karatasi mlangoni inayosema kwamba leo wamefunga. Nilipanda vilima vitatu siku ile kabla ya kupata chakula.

Tangu hapo nina utaratibu ambao sijauvunja. Chakula cha mchana hununuliwa asubuhi, kabla ya kuondoka mjini, kwa sababu maduka mengi ya vijijini hufungwa kati ya saa sita na saa nane mchana. Jumapili alasiri usitegemee kitu, na Jumatatu duka lililo wazi lihesabu kuwa ni bahati. Kuhusu maji, kuna siri ambayo waendesha baiskeli wa Kifaransa huijua na wageni huishangaa: makaburi ya kijiji kwa kawaida huwa na bomba, linalotumiwa kumwagilia maua. Ingia kwa heshima, jaza chupa, toka. Penye kibao kilichoandikwa “eau non potable”, maji hayo hayafai kunywewa, hata kama yanaonekana safi kama ya chemchemi.

Suala la treni linahitaji kufikiriwa kabla ya kila kitu, maana ndilo linaloamua umbo la safari nzima. Mji wa Mayenne, unakoanzia njia, hauna treni ya abiria. Château-Gontier, mji mkubwa wa upande wa kusini, nao hauna. Stesheni iko Laval, katikati, na treni ya kasi kutoka Paris hufika huko kwa muda wa saa moja na dakika chache tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017. Katika treni ya kasi baiskeli nzima huhitaji nafasi iliyowekwa mapema. La sivyo, ifungue magurudumu na uitie katika mfuko wake. Treni za mkoa, ziitwazo TER, zina masharti mepesi zaidi, lakini nafasi za baiskeli si nyingi, na mwisho wa juma wakati wa kiangazi hujaa.

Kwa sababu hiyo humshauri anayeanza ashukie Laval, apande na mto kuelekea kaskazini hadi Mayenne, alale huko, kisha kesho yake arudi kwa njia ileile hadi Laval kabla ya kuendelea kusini. Wengine hukunja uso wakisikia habari ya kurudia njia. Hata hivyo, mto unaoufuata kuelekea juu si mto uleule unaposhuka nao: mwanga hubadilika, nyumba ulizozipa mgongo jana leo zinakutazama, na miguu inatambua tofauti ndogo. Nasema ndogo kwa sababu njia hupanda mahali pa aina moja tu, penye malango ya mto. Mto huu ulijengewa katika karne ya 19 mfululizo wa vyumba vya maji vyenye malango pande mbili, ambamo maji hujazwa au kupunguzwa ili mashua ipandishwe au ishushwe kutoka ngazi moja ya mto hadi nyingine. Penye kila lango njia huinuka kidogo, halafu hulala tena. Kando yake iko nyumba ya mlinzi wa lango, na baadhi ya nyumba hizo sasa ni mikahawa au mahali pa kulala. Pumzika hapo. Kutazama familia iliyokodi mashua ikihangaika na kamba ndani ya chumba cha maji ni burudani isiyo na kiingilio.

Kati ya Mayenne na Laval ni kilomita 30 na kitu, na kati ya Laval na Château-Gontier ni vivyo hivyo. Mtu asiye na mazoezi hufika, mradi asikimbilie saa. Njia yenyewe, katika sehemu kubwa, si lami bali ni changarawe laini iliyoshindiliwa. Ikiwa kavu hupita vizuri; baada ya mvua hutoa tope jepesi linaloganda kwenye mnyororo na breki. Matairi membamba ya mashindano yaache nyumbani: upana wa milimita 35 au zaidi, ukiwa umepunguza upepo kidogo, utaihurumia mikono yako na kiti chako. Katika majira ya baridi mto huweza kufurika na kuifunika njia, kwa hiyo miezi ya Mei hadi Septemba ndiyo salama zaidi kwa mgeni.

Kuhusu vifaa nitasema neno moja tu, maana orodha ndefu ziko kila mahali. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea kwamba ukipata pancha, chini ya mti ulio mbele kuna fundi mwenye beseni la maji na kopo la gundi. Hapa hakuna. Mafundi wako mijini tu, na kutoka mji hadi mji ni nusu siku. Beba tyubu mbili za akiba, pampu, vibao vya kutolea tairi na viraka, na ujifunze kuvitumia ukiwa nyumbani, si ukiwa ukingoni huku mbu wanakuuma.

Njia za aina hii huitwa “voie verte”, na alama yake ni kibao cha mraba cha buluu. Hapa kando ya Mayenne hupita watembea kwa miguu, baiskeli na farasi. Wote hao wana haki ya kuwapo, na mwenye kasi ndiye anayepaswa kujihadhari. Kengele ni lazima kwa sheria, lakini kengele pekee ni utovu wa adabu. Ipige ukiwa mbali, punguza mwendo, kisha sema “Bonjour” unapopita. Farasi mpite polepole na usimshtue. Wavuvi nao huhitaji macho, kwa sababu fimbo zao ndefu wakati mwingine hulala zikikata njia, na mvuvi aliyevunjiwa fimbo hasahau. Sheria nyingine za Ufaransa zinakuhusu hata usipokutana na gari: vipokea sauti vya masikioni vimepigwa marufuku kwa mwendesha baiskeli tangu mwaka 2015, mtoto aliye chini ya miaka 12 lazima avae helmeti, na usiku nje ya mji kizibao cha kuakisi mwanga ni lazima.

Usipite Laval kama mtu anayekimbizwa. Mchoraji Henri Rousseau alizaliwa hapa mwaka 1844, na kaburi lake limo katika bustani ya Perrine, juu ya mto. Ngome ya kale ina makumbusho ya michoro ya mtindo wake, yaani ya wachoraji waliojifunza wenyewe, ambayo mtu aliyezoea picha za Tingatinga huitazama kama aliyekutana na binamu asiyemjua. Alfred Jarry, mwandishi aliyeipenda baiskeli kupita kiasi, naye ni mzaliwa wa mji huu, mwaka 1873. Kusini kidogo, Entrammes, iko abasia ya Port-du-Salut, ambako watawa walianzisha jibini ya Port Salut, inayojulikana hadi leo.

Baada ya Daon mambo hubadilika, na ni vema ulijue hilo mapema. Njia ya kukokotea mashua inakoma, na vibao vya La Vélo Francette, njia ndefu ya baiskeli inayotoka Ouistreham, kwenye pwani ya kaskazini ya Ufaransa, hadi La Rochelle, vinakupeleka zaidi kwenye barabara ndogo za vijijini zenye magari machache na vilima vya kweli. Mtu aliyeendesha siku mbili bila kusikia injini nyuma yake huwa amezembea: anaendesha katikati, hageuki kutazama, mwenzake yuko ubavuni. Kabla ya kuondoka Daon simameni, mjipange mmoja nyuma ya mwingine, mkaze mizigo kwenye keria. Kutoka hapo hadi stesheni ya Angers ni mwendo wa siku moja, nami humaliza kwa kulala Angers na kupanda treni asubuhi, kwa sababu treni ya jioni huwa na baiskeli nyingi kuliko ndoano za kuzitundikia.