Shomoro wa tano

Swali lenu la juma hili ni fupi: "Thamani yako uliijulia wapi?" Yangu niliijulia kwa neno moja la sokoni.

Nauza omena, dagaa wa ziwani, soko la Kibuye hapa Kisumu, mwaka wa 11 sasa. Mteja akishapimiwa gorogoro yake, lile kopo letu la kupimia, hatoi pesa kwanza. Anashika mdomo wa mfuko, anasema, "Mama, ongeza." Basi nachota kiganja kimoja, namwagia juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Haina bei. Haimo katika hesabu yangu ya jioni, na mteja mwenyewe akifika nyumbani hawezi kukuonyesha ni omena gani alilipia na ni gani alipewa bure.

Neno hilo nililijua kabla sijaingia sokoni. Tulizaliwa wasichana watano, mimi nikiwa kitindamimba. Baba ni Mluhya wa Vihiga na mama ni Mjaluo, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili. Wageni wakija, baba alitupanga mbele yao, akawataja dada zangu kwa majina mpaka wa nne, kisha akaniwekea mkono kichwani: "Na huyu ni nyongeza." Watu wakacheka. Alikuwa akingojea mvulana, kila mtu alijua. Sidhani aliwahi kufikiri kwamba mtoto wa miaka sita analisikia neno na kulala nalo. Mimi nililala nalo. Karo ilipopungua, ni mimi niliyesema mapema kwamba nitabaki nyumbani, kabla hata ya mtu kuniuliza.

Alhamisi moja, kwenye ushirika wa akina mama kanisani kwetu, tulikuwa tunasoma Luka sura ya 12. Anayetuongoza ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Akatuambia tufungue na Mathayo 10, tulinganishe bei. Kwa Mathayo, mashomoro wawili wanauzwa senti moja. Kwa Luka, watano wanauzwa senti mbili.

"Senti moja wawili. Senti mbili je?"

"Wanne, mwalimu."

"Sasa huyu wa tano ametoka wapi?"

Tukanyamaza. Mama mmoja anayeuza nyanya, aliyekaa nyuma akinyonyesha, akajibu bila kuinua macho: "Si ni nyongeza."

Biblia ilikuwa mapajani mwangu na sikuweza kugeuza ukurasa. Maandiko hayo nilikuwa nimeyasikia tangu Shule ya Jumapili, lakini hesabu yake sikuwahi kuifanya. Senti ile ilikuwa sarafu ndogo ya shaba ya Warumi. Senti 16 zilifanya dinari moja, na dinari ndiyo ujira wa kibarua wa kutwa, ule tunaousoma katika Mathayo 20. Kwa hiyo ndege watano ni sehemu moja ya nane ya kibarua cha siku. Kitoweo cha maskini. Na mmoja kati yao hana hata hiyo bei ndogo, ametiwa tu mkononi mwa mnunuzi ili biashara iishe. Juu ya hao watano Yesu anasema, "Wala hasahauliwi hata mmoja wao mbele za Mungu." Wa tano yumo.

Nasikia mahubiri mengi siku hizi yanayomwambia mtu kwamba ni wa thamani, na ushahidi unaotolewa ni ploti, gari, viza. Simkatazi mtu baraka zake. Lakini nikijipima kwa hayo nitakuwa nimerudi palepale sebuleni kwa baba, ambapo anayetajwa kwa jina ni yule aliyetarajiwa. Na tena Mathayo hasemi kwamba shomoro haanguki. Anasema haanguki Baba asipojua.

Hilo nililielewa masika ya mwaka juzi. Mzigo wangu ulinyeshewa ufuoni Dunga kabla haujakauka. Omena ikinyeshewa inalainika, inanuka, na inabaki kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mtaji wenyewe ulikuwa mkopo wa chama. Nilichuchumaa kando ya wavu nikiwageuza kwa mikono, na walikuwa wakinasa vidoleni kama uji mzito. Zamani ningejiambia: ndivyo, nyongeza atapata nini? Siku ile nililia kwa sababu ya pesa, na pesa peke yake. Nikamwambia Mungu, "Unaona." Sikumuuliza kama ananiona. Deni lilinichukua miezi minane.

Krismasi iliyopita tulikuwa wote watano Vihiga. Baba macho yamefifia, na jioni hupenda kusomewa Neno. Nilimsomea Mathayo, halafu Luka, sikueleza chochote. Akaanza kuhesabu kwa vidole, wawili wawili, akianzia gumba. Vidole vinne vikakunjika, kile kidogo cha mwisho kikabaki kimesimama. Akakishika kwa mkono wa pili, akakaa nacho hivyo mpaka chai ikapoa.

"Soma tena hapo," akasema.