Mlango ukigongwa bado nashtuka, ila madeni nimeyamaliza

Mdogo wangu uliyeuliza kwa nini mshahara ukiingia unapata hofu, na kwa nini meseji ya salio huifungui: nimejiona mwenyewe miaka sita iliyopita.

Kwetu Morogoro, mwenye duka akija kudai, mama alitutuma mlangoni tuseme hayupo. Nilikuwa na miaka minane. Simlaumu, alikuwa anatulea watano kwa vitumbua. Ila nilikua nikijua kwamba deni hufichwa. Nilipoajiriwa ualimu, michango ya harusi ikawa hainipiti. Nilitaka watu waone kwamba mimi si wa kujifungia tena. Nikaingia kwenye mikopo ya kausha damu: unachukua laki tatu, mwisho wa mwezi unarudisha laki tatu na tisini, kadi ya benki wanakaa nayo wao. Mwezi wa pili nikakopa kwingine nilipe pale. Mume wangu hakujua.

Jioni moja nikachukua daftari nikaandika kila deni, hadi elfu mbili ya mama muuza mkaa. Jumla 1,460,000. Nililia sana, kisha nikalala fofofo, maana kichwani nilikuwa nimeshaifanya milioni tatu. Kesho yake nikampelekea dada yangu lile daftari. Naye alikuwa akitumwa mlangoni kama mimi. Hakuniuliza kitu, alivuta kiti tukaanza kuhesabu. Mume wangu nilimwambia wiki hiyohiyo, na hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko kwa wadai wote. Kisha nikawafuata wanaonidai kabla hawajanifuata. Wengi walikubali kidogo kidogo. Wa kausha damu niliwamaliza kwanza.

Baadaye nikajiunga na VICOBA ya mtaani, kikundi cha kuweka na kukopeshana. Hisa nanunua kila wiki, ila kilichonishika pale ni mfuko wa jamii, ile hela ya kikundi ya kusaidiana kwenye shida: mwanangu alipolazwa nilipewa hela siku ileile, sikukimbilia kwa wale wa kausha damu. Na elfu ishirini ya kila mwezi naiweka Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja. Ukiomba kutoa, inachukua siku kadhaa za kazi, na mimi nahitaji hizo siku. Mtu akinipigia usiku anataka mchango, namwambia kweli tupu: kwenye simu nina elfu kumi, pokea hiyo.

Anza na daftari, hata mkono ukitetemeka. Kama huna wa kumwonyesha hiyo jumla, niandikie pembeni, tutaihesabu wote.