Kabla hujanunua sistimu mpya ya stoo, chukua daftari uandike tarehe

Nina miaka kumi na moja kwenye kazi za stoo na usafirishaji, nilianza kama mtu wa kuhesabu maboksi mpaka nikawa msimamizi wa godauni la vipuri vya mashine, na swali ninaloulizwa kuliko yote na wenye biashara ni hili: nitumie sistimu gani? Mtu mzigo unamchelewea, stoki haieleweki, wateja wanapiga simu kwa hasira, basi akili yote inahamia kwenye programu ya kununua. Jibu langu siku zote ni kwamba usinunue kitu kwanza, fanya utafiti. Na nikisema utafiti simaanishi mpaka uende chuo kikuu, namaanisha daftari, kalamu na miezi miwili ya uvumilivu. Ngoja nieleze nilivyofika hapo.

Kwa muda mrefu pale kazini mkosaji alikuwa mmoja tu, kampuni ya malori. Kila kikao ni wao. Wanaitwa, wanaomba radhi, wiki mbili mambo yanakaa sawa halafu yanarudi yaleyale. Mwisho tukavunja mkataba tukachukua wengine wa gharama kubwa zaidi, na miezi mitatu baadaye mzigo ulikuwa unachelewa vilevile. Hiyo iliniuma sana kwa sababu mimi ndo niliyekuwa nimesukuma hilo wazo la kubadilisha.

Hapo ndo nikachukua daftari. Nikasema oda 40 zinazofuata nazifuatilia moja moja, na kwa kila oda naandika tarehe: siku mtu wa stoo alipoona kitu kinakaribia kuisha, siku alipojaza fomu, siku meneja aliposaini, siku oda ilipotumwa kwa saplaya, siku lori lilipopakia, siku lilipoingia getini, na siku mzigo ulipopangwa kwenye rafu ukaonekana kwenye kompyuta. Tarehe saba tu, hakuna hesabu yoyote ngumu. Tabu ilikuwa kuzipata, maana nusu ya hizo tarehe hakuna mtu aliyekuwa anaziandika popote, ikabidi niwe nazunguka asubuhi na jioni kuuliza watu.

Nilipojumlisha, wastani kutoka kitu kuonekana kimepungua mpaka kufika kwenye rafu ulikuwa siku 19. Lori lilikuwa linatumia siku 3. Tatu! Siku 4 oda ilikuwa kwa saplaya ikiandaliwa, siku 9 ilikuwa inazunguka kwenye meza zetu wenyewe ikisubiri saini, na siku 3 nyingine mzigo ulishafika, umelala sehemu ya kupokelea, haujapokelewa kwenye kompyuta kwa hiyo kila anayetafuta anaambiwa hakipo. Siku 12 kati ya 19 zilikuwa zetu. Tumewafukuza watu na kuongeza gharama kwa ajili ya siku tatu za barabarani ambazo hata hazikuwa na shida.

Kuna kanuni moja ningependa kila mtu wa stoo aijue, na ni rahisi kiasi kwamba sielewi kwa nini haifundishwi siku ya kwanza kazini. Mwaka 1961 John Little, mtafiti wa Marekani, alithibitisha kihesabu kwamba idadi ya vitu vilivyomo kwenye foleni kwa wastani ni sawa na idadi inayoingia kwa siku ukizidisha na siku ambazo kila kimoja kinakaa humo. Basi. Maana yake kama fomu 5 zinaingia kwa siku na kila moja inakaa siku 9, ukienda mezani utakuta rundo la fomu kama 45. Na unaweza kuigeuza: hesabu rundo, gawanya kwa zinazoingia kwa siku, umepata muda wa kusubiri bila kufuatilia fomu hata moja. Inafanya kazi kwa fomu, kwa malori yaliyopanga foleni getini, kwa maboksi sehemu ya kupokelea, kwa chochote ilimradi vinavyoingia na vinavyotoka vinalingana kwa muda mrefu. Mimi siku hizi nikiingia godauni la mtu jicho langu la kwanza linaenda kwenye marundo, siyo kwenye kompyuta.

Tulichofanya baada ya hapo kilikuwa kidogo sana. Vitu vya kawaida vinavyoagizwa kila mwezi tukaviwekea kiwango cha ukubwa wa oda, chini ya kiwango hicho msimamizi wa stoo anatuma oda mwenyewe, meneja anapata taarifa tu. Oda kubwa ndo zinasubiri saini, na saini ina saa maalum mara mbili kwa siku. Kupokea mzigo tukampa mtu mmoja awe kazi yake, asivutwe kwenda kupakia. Zile siku 9 zikashuka hadi 2. Hatukununua kitu.

Sasa kosa la pili, ambalo nadhani ni la hatari zaidi, ni kuamini wastani. Ile siku 19 ni wastani, lakini kwenye daftari kulikuwa na oda ya siku 8 na kulikuwa na ya siku 35. Anayekuumiza ni yule wa 35, na stoki yote ya akiba unayoweka unaiweka kwa ajili yake. Chukua mfano wa saplaya wawili. Wa kwanza analeta siku ya 12, kila mara siku ya 12. Wa pili wastani wake ni siku 9, lakini akiamua analeta siku ya 4 na akiamua siku ya 20. Watu wengi watamchukua wa pili kwa sababu 9 ni ndogo kuliko 12. Lakini kama unatumia vipande 10 kwa siku, kwa wa kwanza ukibakiwa na 120 na kaziada kidogo unaagiza na unalala usingizi. Kwa wa pili ukitaka usikwame lazima uagize ukiwa bado na 200, na siku akileta mapema godauni linajaa mpaka njia za kupita. Kwa hiyo ukizungumza na saplaya usimbane sana kuhusu haraka, mbane kuhusu kutoyumba. Mimi nimeshamlipa saplaya zaidi kidogo kwa sababu tu ya kutokuyumba na sijawahi kujuta.

Nikiwa kwenye hayo nikaanza kusoma tafiti za watu wengine kila jioni, na iliyonigusa kuliko zote ni ile inayoeleza kwa nini oda zinapanda na kushuka kama mawimbi wakati mteja wa mwisho hata hajabadilika. Jay Forrester wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, aliieleza mwaka 1961, na mwaka 1997 Hau Lee na wenzake wawili wa chuo kikuu cha Stanford, Padmanabhan na Whang, wakachambua sababu zake. Mfano unaotajwa sana ni wa nepi za kampuni ya Procter & Gamble: watoto wanatumia nepi karibu kiwango kilekile wiki hadi wiki, mauzo dukani yanayumba kidogo tu, ila oda za wasambazaji zinayumba zaidi, na oda ambazo kampuni yenyewe ilikuwa inapeleka kwa wauzaji wake wa malighafi zinayumba zaidi ya hapo. Kila ngazi inaongeza wasiwasi wake juu ya wasiwasi wa ngazi iliyopita. Sababu ni za kawaida kabisa: kila mtu anakadiria kwa kuangalia oda aliyopokea badala ya matumizi halisi, watu wanakusanya oda waagize kwa mkupuo, bei zinashushwa kwa muda watu wanajaza stoo, na bidhaa ikiwa adimu mtu anaagiza mara mbili ya anachohitaji ili apewe nusu.

Hiyo ya mwisho ilikuwa sisi kabisa. Kulikuwa na aina ya beringi ilikuwa inachelewa, tukaagiza, haikuja, tukaagiza tena zaidi, haikuja, tukaagiza na kwa saplaya mwingine. Halafu zikaja zote ndani ya wiki moja. Beringi za karibu miaka miwili. Na yule saplaya masikini alikuwa ameona oda zinapanda akaongeza na yeye, tulipoacha kuagiza kabisa akabaki nazo.

John Sterman, naye wa MIT, alipima jambo hili kwa kutumia mchezo ambao wachezaji wanne wanajifanya mnyororo mmoja, kuanzia muuza rejareja mpaka kiwandani. Kwenye utafiti wake aliouchapisha mwaka 1989, gharama za timu kwa wastani zilikuwa mara kumi ya ambazo zingewezekana. Na kosa kubwa aliloliona ni kwamba watu wanasahau oda walizokwisha tuma ambazo ziko njiani. Wanaangalia rafu tupu wanaagiza, kesho rafu bado tupu wanaagiza tena. Nilisoma hapo nikafunga kompyuta nikaenda kuongeza safu moja kwenye karatasi yetu ya stoki, imeandikwa ILIYO NJIANI. Tangu hapo hakuna oda inayotoka bila kujumlisha kilichopo kwenye rafu na kilicho njiani. Kama ungeniambia nichague badiliko moja tu kati ya yote ningechagua hili. Na la kuongezea, mpe saplaya wako matumizi yako halisi ya kila wiki, siyo oda tu, atapanga vizuri zaidi na wewe ndo utafaidika.

Kwenye suala la kuwa na saplaya mmoja sitakaa sana ila kuna tukio moja kila mtu wa kazi hii anapaswa kulijua. Machi 2000 radi ilisababisha moto kwenye kiwanda cha Philips cha vipande vya elektroniki kule Albuquerque, Marekani, moto wenyewe ukazimwa kwa dakika chache tu. Nokia na Ericsson, wakati huo wote wakitengeneza simu za mkononi, walikuwa wanachukua mzigo hapo. Nokia walikuwa na tabia ya kufuatilia mzigo kwa karibu, waliona mapema kuna kitu hakiko sawa, wakaviweka vile vipande kwenye uangalizi wa kila siku na kutafuta vyanzo vingine. Ericsson walichelewa kuchukua hatua na walikuwa hawana chanzo kingine, wakapoteza mauzo yanayotajwa kuwa kama dola milioni 400. Moto ule ule, kiwanda kile kile. Tofauti ilianzia kwa mtu anayeangalia tarehe za mzigo.

Turudi kwenye sistimu, maana najua bado unaitaka. Kabla hujainunua chagua vitu 200 kwenye stoo yako bila kupendelea, uhesabu kwa mkono halafu ulinganishe na kilichoandikwa. Mimi nilifanya, 71 havikulingana. Niliona aibu mpaka nilipokuta utafiti wa DeHoratius na Raman wa mwaka 2008, walikagua rekodi karibu 370,000 kwenye maduka 37 ya kampuni moja kubwa ya rejareja Marekani, na asilimia 65 zilikuwa hazilingani na kilichopo. Na hao wana kompyuta kila kona! Sasa wewe ukichukua namba mbovu ukaziingiza kwenye programu mpya, programu itaagiza kwa namba mbovu, tena kwa kasi zaidi. Sisi tulianza kuhesabu vitu 20 kila asubuhi kabla kazi haijachanganya, vinavyotembea sana vinahesabiwa mara nyingi zaidi, na kila tukikuta tofauti tunatafuta imetokea wapi badala ya kurekebisha namba tu na kuondoka. Kutafuta sababu ndo kazi yenyewe. Kwetu mara nyingi ilikuwa mafundi wanachukua kitu usiku wanasema wataandika asubuhi.

Kuna wanaoniambia haya mambo ya daftari ni madogo mno, biashara inabadilishwa na mtaji. Nawaelewa, ila kuna majaribio yalifanywa na mtafiti Nicholas Bloom na wenzake kwenye viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India, yakachapishwa mwaka 2013. Viwanda vilichaguliwa kwa bahati nasibu, vingine vikapewa washauri wa kuwasaidia kuweka taratibu kama kuandika kasoro za bidhaa kila siku, kurekodi stoki ya nyuzi, kufanyia mashine matengenezo kwa ratiba. Uzalishaji kwa rasilimali zilezile ulipanda asilimia 17 mwaka wa kwanza. Watafiti waliporudi miaka mingi baadaye walikuta karibu nusu ya zile taratibu zimeachwa, na moja ya sababu ni mameneja kubadilika.

Hilo nalijua kwa uchungu. Nilikwenda likizo ya mwezi mmoja, narudi nakuta daftari limeishia siku niliyoondoka. Hakuna aliyekataa kuandika, ni kwamba lilikuwa daftari langu. Sasa hivi linashikwa na watu watatu kwa zamu ya wiki, na kila Ijumaa yule wa zamu ndo anayesoma tarehe mbele ya wengine, siyo mimi, na mimi nakaa nasikiliza kama wengine.

Ukianza kesho, anza na ile tarehe ya kwanza kabisa, siku mtu alipoona kitu kinakaribia kuisha. Haipo kwenye fomu yoyote wala kwenye programu yoyote niliyowahi kutumia, na sisi tunaipata kwa kuning'iniza kadi kwenye kila boksi, yule anayechukua kipande kinachogusa mstari mwekundu anaandika tarehe hapohapo na kuitumbukiza kwenye kisanduku mlangoni.