Ukienda Guangzhou kufunga mzigo, tenga asubuhi moja ya Yuexiu

Safari zangu tatu za kwanza Guangzhou, kule China, sikuona kitu zaidi ya maduka, stoo na chumba cha hoteli. Asubuhi Xiaobei, mtaa wanaofikia Waafrika wengi, mchana kwa wauza viatu, usiku hesabu za kontena. Nikirudi Kariakoo mke wangu ananiuliza mji ule ukoje, sina la kumwambia. Safari ya nne mzigo ukachelewa kiwandani siku mbili, nikaenda bustani ya Yuexiu. Tangu hapo kila ninayesikia anaenda kule namwambia: tenga asubuhi moja.

Asubuhi hasa, ndugu yangu, siyo mchana. Wengi wetu huenda msimu wa maonyesho ya biashara ya Canton, Aprili au Oktoba, na joto la kule lina unyevu kama la Dar mwezi wa pili. Fika saa kumi na mbili na nusu, au saa moja. Maduka ya jumla bado hayajafunguliwa, kwa hiyo biashara haipotei.

Saa hiyo bustani ni ya wazee. Hawa wanacheza taichi taratibu, mikono kama inasukuma maji. Wale wamewasha spika wanacheza dansi kwa mistari. Wengine wamesimama duara wanapiga danadana kidude chenye manyoya, wenyewe wanakiita jianzi. Nilisimama kutazama, mama mmoja wa makamo akanirushia. Nilicheza nao karibu nusu saa, na hatukuwa na neno hata moja la kuelewana. Miaka yote niliyofanya biashara na Wachina, siku ile ndiyo ya kwanza kukaa nao bila kikokotoo katikati yetu. Ukitaka kuwapiga picha, onyesha simu kwanza usubiri waitikie kwa kichwa. Ni wazee wa watu, na wako kwenye mazoezi yao.

Kuingia ni bure. Shuka kituo cha Yuexiu Park, laini namba 2 ya treni ya chini ya ardhi. Ukilala Xiaobei hata kwa miguu unafika. Bustani ni kubwa, ina vilima, maziwa na mageti kadhaa. Mimi niliingilia geti moja nikatokea jingine, simu imezima, nikazunguka saa nzima juani. Kwa hiyo piga picha bango la geti unaloingilia, lenye maandishi yao, umwonyeshe mtu ukipotea. Na weka ramani ya Kichina kwenye simu mapema, maana kwa laini ya kule Google haifunguki.

Panda ngazi hadi kwenye sanamu ya mbuzi watano. Wenyeji wanasimulia kwamba zamani za njaa walishuka watakatifu watano wamepanda mbuzi, wakawaachia watu masuke ya mpunga, na mbuzi wakageuka mawe. Ndiyo maana Guangzhou huitwa Mji wa Mbuzi. Kisha nenda mnara wa Zhenhai, jengo jekundu la ghorofa tano lililojengwa mara ya kwanza mwaka 1380. Sasa ni makumbusho ya mji, na hapo kuna kiingilio. Usiupite.

Kama wewe ni Mwislamu, chagua Ijumaa. Jirani na bustani, barabara ya Jiefang Kaskazini, upo msikiti wa Xianxian, wenye kaburi ambalo Waislamu wa kule wanalihesabu kuwa la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Asubuhi unatembea, mchana unaswali na watu wa kila taifa, wengine utawasikia wanasalimiana kwa Kiswahili.

Vaa raba, ngazi ni nyingi. Beba pasipoti, maji, mwavuli ikiwa Aprili, na karatasi za chooni, maana vyoo vipo lakini karatasi mara nyingi hamna. Oda zako mwambie wakala kwamba utafika saa tano.