Hela za ruzuku zipo, ila cheti chenu kinasomekaje?

Juzi nipo Jamatini nasubiri gari ya Bahi, upepo na vumbi kama kawaida ya Dodoma, kijana mmoja tuliyekutana kwenye semina mwaka jana akanifuata, "Shikamoo dada, eti kuna hela za serikali ya Marekani zimetoka, za afya na elimu, naomba linki." Nikamwambia linki ntakupa, ila kwanza niambie, cheti chenu cha usajili kinasomekaje na akaunti ya benki inasomekaje? Akacheka, akadhani namkwepa.

Simkwepi. Hilo swali lilinigharimu mwaka mzima.

Sisi tulianza watu saba, kikundi tu cha kijamii kilichoandikishwa halmashauri, kazi yetu maji, vyoo na watoto kunawa uso, maana huku kwetu vikope ni ugonjwa wa macho wa miaka na miaka na wamama wanaujua vizuri kuliko mimi. Baadaye tukasajili NGO. 2022 tukaona tangazo la ruzuku linatufaa kabisa, tukakesha wiki mbili tunaandika, na mpaka leo sijaandika andiko zuri kama lile. Halikwenda popote. Lipo kwenye laptopu.

Kilichotokea ni hivi. Ukitaka hela za serikali ya Marekani moja kwa moja, mara nyingi lazima taasisi iwe imejisajili kwenye mfumo wao unaitwa SAM.gov na iwe na namba ya utambulisho inaitwa UEI, ile iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS mwezi wa nne 2022. Na sisi wa nje ya Marekani kabla ya kujisajili huko unaanza na namba nyingine inaitwa NCAGE. Jina na anuani vinatakiwa vifanane kila sehemu, herufi kwa herufi. Sasa sisi cheti kilikuwa na jina refu, yule dada wa benki wakati tunafungua akaunti alisema halienei kwenye fomu akalikata neno la mwisho, sisi tukasema sawa tu dada andika. Kwenye anuani tukaweka S.L.P., kumbe wale wanataka mahali ofisi ilipo, mtaa, namba ya nyumba na postikodi. Ikarudishwa. Tukarekebisha, ikarudishwa tena. Dedilaini ikapita bado tunabishana na jina letu wenyewe.

Na kinachouma zaidi, kuna mtu alijiita mtaalamu akatutoza laki tatu na nusu "kusimamia usajili". Usajili ni bure. NCAGE bure, UEI bure, kuomba kwenye Grants.gov, tovuti yao ya ruzuku, bure, na matangazo unayasoma hata bila kufungua akaunti. Mtu akikwambia lipa ada ya fomu ya ruzuku ya serikali, beba pochi yako uondoke. Zile namba za nyumba zilizobandikwa ukutani wakati wa zoezi la anwani za makazi 2022, watu wengi waliona usumbufu, mimi siku hizi naipenda sana ile ya kwetu, maana ndiyo anuani wanayoitaka. Halafu kumbuka usajili wa SAM unahuishwa kila mwaka, ukisahau umelala.

Kitu kingine ni saa, hapa watu wanaumia kimya kimya. Matangazo mengi ya Grants.gov yanafungwa saa tano na dakika 59 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, ambayo huku kwetu ni asubuhi ya siku inayofuata, saa moja kasoro dakika moja kipindi kimoja cha mwaka na saa mbili kasoro dakika moja kipindi kingine maana wenzetu wanasogeza saa. Usije ukafurahi ukasema nina usiku mzima wa ziada. Umeme utakatika usiku huo huo, bando litaisha, na mfumo utakuwa mzito kwa sababu dunia nzima imesubiri mwisho kama wewe. Mimi nahesabu dedilaini siku tatu kabla. Na kama wewe ni mtafiti unaomba NIH, taasisi ya utafiti wa afya ya serikali ya Marekani, kwao mara nyingi ni saa 11 jioni ya saa za hapo taasisi yako ilipo, kwa hiyo wale wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) msichanganye hizo mbili.

Soma sehemu ya nani anaruhusiwa kuomba KABLA hujasoma kiasi cha hela. Najua macho yanakimbilia dola. Lakini tangazo linaweza kusema ni vyuo tu, au mashirika yaliyosajiliwa Marekani tu, na wewe umeshaitisha kikao na soda mmeshakunywa.

Halafu tuseme ukweli, hali imebadilika. Tarehe 20 Januari 2025 misaada ya nje ya Marekani ilisimamishwa, na kufika Julai 1 mwaka huo USAID, shirika lao la misaada, ikawa imefungwa. Mimi nina marafiki waliokuwa na ajira nzuri kwenye miradi ya afya, sasa hivi mmoja analima zabibu na mwingine anauza vitenge. Kwa hiyo ukikaa unasubiri mlango mmoja tu utasubiri sana.

Milango mingine ipo na mingine iko hapa hapa nchini. Ubalozi wa Japani wana ruzuku za miradi midogo ya jamii, darasa, kisima, vifaa vya zahanati, vitu vinavyoshikika, ila usipeleke mishahara na gharama za kuendesha ofisi, hawalipii. Kwa shule kuna Mfuko wa Elimu chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA), ulioanzishwa kwa sheria ya 2001, unajenga madarasa, vyoo, nyumba za walimu, hapo mwalimu mkuu aanzie halmashauri, asipande gari kwenda kupiga hodi mwenyewe. Watafiti kuna COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, watu wananiuliza sana, ile haipokei andiko la NGO yako, miradi inaibuliwa na kijiji kwenye mkutano, kwa hiyo nenda mkutanoni ukaseme.

Na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, tafadhali, ule ni MKOPO. Hauna riba lakini unarudishwa. Ulisitishwa 2023 ukarudi 2024, na nimeona vikundi vikigawana kama zawadi ya sikukuu halafu mwenyekiti anamkimbia afisa maendeleo ya jamii sokoni Majengo.

Bajeti sasa. Andika unachojua bei yake. Sisi mwaka wa pili tuliandika "usafiri milioni 4" basi, mkaguzi wa andiko akaturudishia na alama ya kuuliza tu. Siku hizi naandika safari ngapi, kwenda kijiji gani, kilomita ngapi, dizeli shilingi ngapi, dereva siku ngapi. Ukiweza mfafanulia mama yako bajeti yako akaelewa basi na mfadhili ataelewa. Na usijinyime gharama za ofisi, kwenye ruzuku nyingi za serikali ya Marekani kama hamna kiwango mlichokubaliana nao unaweza kuomba mpaka asilimia 15 kwa ajili ya kodi ya pango, umeme, mhasibu (ilikuwa 10, ikapanda Oktoba 2024), ingawa NIH kwa taasisi za nje wana 8. Sisi tulikuwa tunaandika sifuri tukidhani tutaonekana waaminifu, kumbe tunaonekana hatujui.

Ukishapata mkataba unaozidi shilingi milioni 20 unatakiwa kuupeleka kwa Msajili wa NGO, ofisi ziko huko Mji wa Serikali, Mtumba, usisubiri ukumbushwe.

Yule kijana usiku alinitumia picha za cheti na kadi ya benki WhatsApp. Kwenye cheti jina lina neno "Tanzania" mwishoni, benki halipo. Jumatatu anaenda na muhtasari wa kikao wenye sahihi za wote na barua ya kubadilisha jina. Linki nimeshampa.