Springi za mlango mzito wa gereji: pima mlango kabla ya kupima springi

Springi ya gereji ikikatika husikika nyumba nzima, kama kitu kizito kimeangushwa juu ya bati. Ukienda gereji unakuta mlango umekaa chini kama kawaida, ila juu yake springi ina pengo la sentimita tano hivi. Kinachofuata karibu kila nyumba ni kilekile: mtu anapiga picha ile iliyokatika, anaagiza inayofanana nayo, na baada ya mwaka mota ya kufungulia mlango inaanza kulalamika.

Kasoro ipo kwenye kule kufananisha. Springi huchaguliwa kwa uzito wa mlango ulivyo leo. Ya zamani inaweza kuwa iliwekwa na fundi aliyetumia iliyokuwa stoo. Au mlango wenyewe umeongezeka uzito tangu siku ile: umejazwa foamu ya kuzuia baridi, umewekewa vioo, umepigwa chuma cha kuimarisha kwa nyuma, au ni wa mbao na umekunywa maji miaka kumi. Mlango wa chuma wa magari mawili, wa futi 16 kwa 7 na wenye foamu, mara nyingi huwa kati ya kilo 70 na 100. Wa mbao wa ukubwa huohuo hupita kilo 135 bila shida. Tofauti hiyo huwezi kuiona kwa macho.

Tunazungumzia hapa milango ya vipande inayopanda kwenye reli na kulala darini, ile iliyozoeleka Marekani na Kanada, yenye springi zilizovishwa kwenye shafti (mhimili wa chuma ulio juu ya mlango) na kukazwa kwa kuzungushwa. Kwa kuwa vifaa vyake vingi hufuata vipimo vya Marekani, utakuta inchi na pauni popote mlango wenyewe ulipo. Kilo moja ni pauni 2.2.

Mlango hupimwa kwa mizani ya kawaida ya kujipimia uzito, ila springi zote ziwe zimeshalegezwa kabisa. Kama zilikuwa mbili na imekatika moja, ile nzima bado ina nguvu na inabeba sehemu ya uzito, kwa hiyo ukipima hivyo utapata jibu la uongo. Kulegeza springi iliyokazwa ni kazi ya hatari, nitaieleza mbele. Zikishalegea, watu wawili au watatu wainue mlango kidogo, msukume mizani katikati chini yake pamoja na kipande cha ubao, kisha muushushe taratibu. Usiuinue juu sana, maana kadiri vipande vya juu vinavyoingia kwenye reli ya kulala ndivyo uzito unavyohamia huko na mizani inasoma pungufu. Kama mizani yako inaishia kilo 150 na mlango ni wa mbao, weka mizani mbili, moja kila upande, ujumlishe.

Ukishapata uzito, angalia ngoma za kamba ya chuma kwenye ncha za shafti. Huwa zimechongwa namba. Kwa mfano 400-8 ni ngoma ya inchi 4 kwa mlango wa hadi futi 8. Chukua mlango wa kilo 100, yaani pauni 220, wenye urefu wa futi 7. Nusu kipenyo cha ngoma ni inchi 2, kwa hiyo mlango ukiwa chini unaidai shafti nguvu ya kuzungusha ya inchi-pauni 440 (pauni 220 mara inchi 2). Springi za mlango wa futi 7 hukazwa mizunguko kama 7 na nusu. Gawa 440 kwa 7.5 unapata karibu 59, na kwa kuwa springi ni mbili, kila moja itoe kama inchi-pauni 29 kwa kila mzunguko. Namba hiyo ndiyo ya kumpa muuzaji, pamoja na uzito, urefu wa mlango na namba ya ngoma. Muuzaji anayeuliza rangi ya springi tu, bila kuuliza uzito, mwache aendelee na wateja wengine.

Sasa ona jambo linalowachanganya wengi. Nguvu hiyohiyo ya 29 unaweza kuipata kwa waya wa inchi 0.234 kwenye springi ya kipenyo cha ndani cha inchi 2 na urefu wa karibu inchi 31. Unaweza pia kuipata kwa waya mnene zaidi, 0.250, wenye urefu wa karibu inchi 42. Zote mbili zitauweka mlango sawa, lakini ile ya pili itadumu zaidi, kwa sababu chuma kingi kinagawana kazi ileile. Springi ndefu siyo yenye nguvu zaidi, maana waya ukiwa uleule, kuongeza urefu ni kuilainisha. Springi za kawaida hutengenezwa kwa kufungua na kufunga mara 10,000. Familia inayofungua mlango mara nne kwa siku huzimaliza chini ya miaka saba, na ikiwa mara nane, miaka mitatu na nusu hivi. Kwa mlango mzito, lipia zile ndefu zenye waya mnene kama shafti ina nafasi. Pima nafasi hiyo kabla ya kuagiza, na ukumbuke kwamba springi ikikazwa hurefuka.

Kule kurefuka ndiko kunakoeleza lile pengo la sentimita tano. Kila mzunguko unaongeza koili moja, yaani unene wa waya mmoja. Mizunguko 7 na nusu ya waya wa 0.250 ni karibu inchi 1.9. Springi ikikatika koili hurudi kushikana na pengo hubaki. Kwa hiyo ukipima urefu wa springi ya zamani, pima vipande viwili kila kimoja peke yake bila pengo na bila koni (vichwa vya chuma vilivyoshika ncha za springi), ujumlishe. Anayepima toka ncha hadi ncha anaagiza springi ndefu kwa inchi mbili. Kwenye springi ya inchi 32 hiyo ni kupoteza kama asilimia 6 ya nguvu.

Unene wa waya nao usiupime koili moja moja kwa tepu. Safisha kutu na grisi, hakikisha koili zimeshikana, kisha pima koili 20 kwa pamoja. Zikitoka inchi 4 na nusu (milimita 114), waya ni 0.225. Inchi 4 na saba ya nane (124) ni 0.243, inchi 5 kamili (127) ni 0.250, na inchi 5 na robo (133) ni 0.2625. Ona kati ya 0.243 na 0.250: milimita tatu tu kwa koili ishirini nzima. Lakini springi ya urefu uleule ikipanda kutoka waya mmoja kwenda mwingine, nguvu inaongezeka kwa takriban asilimia 13. Kwenye mlango wa kilo 100 hizo ni kilo 13 za makosa. Pima mara tatu, sehemu tatu tofauti, na kama una venia (kifaa cha kupimia unene kwa usahihi), itumie.

Kipenyo cha ndani mara nyingi huwa kimeandikwa kwenye koni, kwa mfano 175 kwa inchi 1¾ au 200 kwa inchi 2. Halafu kuna upande. Simamisha springi wima mbele yako. Koili za mbele zikipanda kuelekea kulia, ni ya kulia, na kwa mlango wa kawaida hukaa kushoto mwa bano la katikati (chuma cha ukutani kinachoshika springi katikati ya shafti) ukiwa umesimama ndani unatazama nje. Zikipanda kushoto, hukaa kulia. Ni kinyume cha unavyotarajia, na usitegemee rangi ya koni pekee kukuongoza. Ukizibadilisha, badala ya kukaza utakuwa unafungua koili.

Nunua mbili hata kama imekatika moja. Zimefanya kazi idadi sawa ya siku, na ya pili haiko mbali. Zilizopakwa zinki zinafaa palipo na chumvi hewani, ila hulegea kidogo baada ya muda na hudai kukazwa tena.

Kuhusu kukaza. Springi ya mlango mzito ikiwa imekazwa ina nguvu ya kuvunja mkono au taya, na kutumia bisibisi badala ya nondo ni kujitafutia kuumia. Zinatakiwa nondo mbili za chuma imara, kwa kawaida za nusu inchi na urefu wa inchi 18, zinazojaa sawasawa kwenye matundu ya koni. Nondo ikicheza tunduni, acha. Kama hujawahi kufanya, mwite fundi, na hesabu zako za uzito mpe yeye. Kama unaijua kazi, chomoa mota kwenye umeme, funga vaisigripu (koleo la kujibana) kwenye reli juu ya gurudumu ili mlango usipande, piga mstari wa chaki kwenye springi nzima ili uhesabu mizunguko, na usisimame usawa wa nondo. Mizunguko 7 na nusu ni robo thelathini. Kabla ya kufunga skrubu za koni, vuta springi nje milimita sita hivi, koili zisisuguane. Skrubu ikishagusa shafti, ongeza nusu hadi robo tatu ya mzunguko tu. Ukizidisha utaipinda shafti.

Kujaribu: mlango ukiwa umefungwa, vuta kamba nyekundu kuachanisha mota, uinue kwa mkono hadi nusu na uachie polepole. Unatakiwa kubaki palepale. Ukishuka, ongeza robo mzunguko kila upande. Lakini ukijikuta umeongeza zaidi ya mzunguko mzima, springi ni dhaifu kwa mlango huo, na kuzikaza zaidi kunazichosha mapema. Dalili ya upande wa pili ni hii: springi zina nguvu kupita kiasi, fundi akapunguza mizunguko hadi mlango ukatulia chini, halafu ukifunguliwa hadi juu kamba zinalegea na kuruka kwenye ngoma. Hapo wengi hubadilisha kamba. Kamba hazina kosa.

Na mota isihesabiwe kwenye kubeba mlango. Kazi yake ni kuusukuma mlango ambao tayari springi zimeubeba. Ukiona giya la plastiki ndani yake limesagika na unga mweupe umejaa kwenye kasha, achanisha mota kwanza na ufanye jaribio la nusu kabla ya kununua giya jipya.