Maneno ya Kiingereza yaliyopangana jirani yatakuumbua, mimi yaliniumbua

Nyie mnaoanza kazi za ofisini, hasa huku kwenye utalii ambako ugali wetu unatoka kwenye imeli za wageni, ngoja niwape mapema kitu ambacho mimi nilikijua kwa aibu. Barua yangu ya kwanza kabisa ya kuomba kazi niliandika "I work hardly". Hapo nilikuwa najisifu! Kichwani hesabu ilikuwa nyepesi tu, quick inazaa quickly, slow inazaa slowly, basi hard nayo si itazaa hardly. Kumbe hardly maana yake ni kama hakuna, kitu kinafanyika kwa nadra au hakifanyiki, kwa hiyo nilikuwa nimemwandikia bosi kwa mkono wangu kwamba mimi kazi ni kama sifanyi. Mama aliyenisaili akaisoma ile sentensi taratibu, akaiweka karatasi mezani, akanivulia miwani. "Sasa mwanangu, hela tukulipe za nini?" Kazi nilikosa. Hard haitaki mkia jamani, sema "I work hard" unyamaze. Late nayo hivyohivyo, ukifika late umechelewa, lately ni siku hizi.

Haya maneno kwenye kamusi yanakaa mlango kwa mlango, herufi moja au mbili tu zimeongezwa, zimebadilika au zimehama, na ubaya wake kompyuta si kila mara itakuokoa. Ukiandika neno ambalo halipo unapigiwa mstari mwekundu, ila ukiandika quite, yaani kiasi fulani, wakati ulitaka quiet, yaani kimya, yenyewe inaweza kuona neno halali ikakupitisha na aibu yako mpaka kwa mgeni.

Dawa niliyoipata mimi ni kuirudisha sentensi kwenye Kiswahili kabla ya kutuma, tena kwa sauti kama ofisini hamna mtu. Umeandika "you will loose your deposit"? Loose ni kulegea, kwa hiyo unamwambia mgeni atalegea advansi yake, unacheka mwenyewe unatoa o moja inabaki lose, kupoteza. Kuna siku niliandika kwenye ratiba kwamba baada ya dina kutakuwa na desert, yaani wakimaliza kula tunawaletea jangwa, kumbe nilitaka matunda na keki, dessert yenye s mbili. "Our camp is besides the lake", kambi yetu ni zaidi ya ziwa, haipo kando yake, toa hiyo s ya mwisho. Na wale mnaoandikia wakuu wa vyuo kuombea wadogo zenu nafasi, "Dear Principle" ni Mpendwa Kanuni. Mkuu wa chuo ni principal, na hilohilo ndo utalikuta kwenye mkataba wa mkopo wa benki likimaanisha ile hela yenyewe uliyokopa kabla riba haijapanda juu yake.

Advice na advise hapo Kiswahili kinatubeba kabisa, ushauri na kushauri. Yenye c ni jina, yenye s ni kitendo, na hata mdomoni hazifanani, advise mwishoni inatoa z. Waingereza wameipeleka hiyo mpaka kwenye practice na practise, licence na license, Wamarekani wao wanaandika practice na license kwa kazi zote mbili, kwa hiyo angalia unamjibu nani usije ukamsahihisha mtu ambaye hajakosea. Ila advice na advise wote wanatofautisha. Halafu advices hakuna! Sisi tuna mashauri, wao ushauri wao hauhesabiki, ukitaka mmoja unasema "a piece of advice", kama kipande cha muhogo vile.

Sasa kuna pahala hii dawa yangu inagoma, pale Kiswahili chetu kinapotumia neno moja kwa vitu viwili. Kivuli. Ukimwambia mgeni "let's rest in the shadow" atakuelewa lakini atatabasamu, maana shadow ni lile umbo lako linalokufuata chini ukitembea juani, pale chini ya mti palipopoa ni shade. Hapo kurudisha Kiswahili hakusaidii, inabidi ushike picha tu, shade unakaa, shadow inakufuata.

Complimentary ni ya bure, maji ya kunywa chumbani, complementary ni kitu kinachokamilisha kingine, usimwandikie mgeni ya pili akadhani chupa ya maji inakuja kukamilisha kitanda. Na hiyo quite, hata ukiiandika sawasawa ina mtego wake, maana Muingereza akiandika "the food was quite nice" mara nyingi anamaanisha kilikuwa cha wastani tu, kwa Mmarekani ni sifa zaidi. Mimi nilishawahi kwenda kumpongeza mpishi kwa maoni ya Muingereza, mpishi akafurahi, sijamwambia mpaka leo.

Kuna duka hapo mbele ya ofisi yetu natolea kopi, bango lake limechorwa kwa rangi nyekundu STATIONARY, na stationary ya a ni kitu kilichosimama hakiendi popote, madaftari na kalamu ni stationery ya e. Nikataka kumwambia mwenye duka, kabla sijaenda nikachimba kidogo nikakuta maneno yote mawili yametoka kwenye Kilatini kilekile, stationer alikuwa mfanyabiashara mwenye kibanda cha kudumu, tofauti na machinga anayezunguka na bidhaa, na wengi wao walikuwa wauza vitabu karibu na vyuo vikuu. Nikamweleza yote. Akanisikiliza, akageuka kuliangalia bango lake, akasema kwani mimi nahama?